Paka Mwoga Hatulizwi kwa Nguvu



Mji wa Kasenga wakaa ukingoni mwa mto Luapula, na ng'ambo ya pili ni nchi ya Zambia. Mto huo hutiririka kwenda kaskazini hata kuingia Ziwa Mweru, na tangu zamani watu wa pande hizo wameishi kwa samaki. Wakati wa ukoloni wafanya biashara wa Kigiriki walikaa Kasenga, wakinunua samaki na kuwapeleka kwa malori mpaka Elisabethville, mji ambao tangu 1966 waitwa Lubumbashi, ili kuwalisha wafanya kazi wa migodi. Mwendo huo wapita kilomita 200. Wagiriki hao wamekwisha ondoka, lakini samaki ndiye bado riziki ya mto.

Basi, palipo na samaki mkavu pana panya, na palipo na panya pana haja ya paka. Panya hula mahindi ghalani, hutoboa magunia ya unga, huiba chisense walioanikwa juani, na hata nyavu zenye harufu ya samaki huzitafuna. Ndiyo sababu jamaa nyingi hutafuta paka. Lakini mara nyingi paka apatikanaye si yule aliyelelewa kwa upole nyumbani. Ni paka wa bandarini, aliyekula matumbo ya samaki na kufukuzwa kwa mawe. Au ni paka aliyeachwa na watu waliohama. Au mtoto wa shule amemwokota mferejini, amelowa mvua, akamleta nyumbani ndani ya shati lake.

Ndipo taabu inapoanza. Paka aletwa jioni, na usiku ule ule aingia uvunguni mwa kitanda, akataa kutoka. Mtoto amvuta mkia, akwaruzwa mkono. Baba akasirika. Jirani asema macho ya paka huyu huwaka gizani, pengine si paka wa bure. Siku ya tatu mlango waachwa wazi, naye paka atoweka, na panya warudi kazini mwao. Hapo hasara ni ya wote: ghala limekosa mlinzi, mtoto ana jeraha, na mnyama amerudi kwenye mawe yale yale aliyookolewa nayo.

Juma hili, basi, tueleze namna ya kumtuliza paka wa jinsi hiyo. Neno letu ni moja tu, na mengine yote hutoka humo: hofu ya paka haiondolewi kwa kumshika, huondolewa kwa kumpa mahali pa kujificha, na muda wa kuja mwenyewe.

KWA NINI AOGOPA?

Paka wote wa nyumbani ulimwenguni ni wa ukoo wa paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Karibu, mnyama mwembamba wa rangi ya mchanga, ambaye hata leo yumo katika mapori ya nchi zetu. Wataalamu waliolinganisha chembe za urithi za paka wengi walilithibitisha jambo hilo mwaka 2007. Mnyama huyo alijisogeza kwa watu walipoanza kulima na kuweka akiba ya nafaka, maana nafaka ilivuta panya. Katika kisiwa cha Kupro yalichimbuliwa mabaki ya paka aliyezikwa karibu na mtu yapata miaka 9,500 iliyopita. Kumbe urafiki huu ni wa kale sana. Lakini angalieni namna ulivyoanza: hakuna aliyemfunga paka kamba akamleta. Alikuja kwa hiari yake, akifuata panya, akaona kwamba kwa watu pana faida. Hata leo hapendi kuja kwa njia nyingine.

Tena paka ni mwindaji, lakini ni mwindaji mdogo, naye huwindwa na walio wakubwa kuliko yeye. Kwa asili yake ana kinga mbili: kukimbia na kujificha. Akizibiwa zote mbili, yamsalia ya tatu, nayo ni makucha na meno. Kwa hiyo paka anayekwaruza si mkorofi. Ni mnyama aliyeona hana njia nyingine ya kuokoka.

Yafaa kukumbuka pia masikio yake. Sikio la mtu husikia sauti ya mitetemo kama 20,000 kwa sekunde na si zaidi; la paka hufika yapata 64,000. Ndivyo anavyosikia vilio vyembamba vya panya ambavyo sisi hatuvisikii kabisa. Basi fikirini mlio wa mchi kinuni, redio ya jirani, mvua ya Desemba juu ya mabati! Kwetu ni kelele za kila siku. Kwa mgeni huyu ni vita.

Pua yake nayo ina kazi. Paka huijua nyumba kwa harufu. Mumwonapo akisugua mashavu yake kwenye mguu wa meza au pembe ya mlango, aacha hapo harufu yake, kana kwamba aandika jina lake. Paka aliyehamishwa amepoteza maandishi yake yote kwa siku moja. Hata nyumba iwe nzuri namna gani, kwake ni nchi ya ugenini.

SIKU YA KWANZA

Kwanza, msimlete katika gunia lililofungwa mdomo, wala kwa kumning'iniza miguu. Watu wengi hufanya hivyo ili asijue njia ya kurudi, nao wamekwisha mfundisha, kabla hajafika, kwamba watu wa nyumba hii ni wa kuogopwa. Chukueni kikapu chenye kifuniko, au katoni iliyotobolewa matundu ya hewa, mtandike kitambaa ndani, na kuifunika kwa kitenge. Gizani hutulia.

Pili, msimwachilie katika nyumba nzima. Mpeni chumba kimoja kidogo chenye mlango. Na kama nyumba ni ya chumba kimoja, mpeni pembe moja iliyo mbali na jiko na mlango. Wekeni hapo katoni iliyolazwa ubavu, au kikapu kikuukuu, na ndani yake kitambaa. Kama mmepata kitambaa alicholalia kwanza, hicho ndicho bora, wala msikifue, maana harufu yake ndiyo faraja yake. Paka wengine hupenda kujificha juu kuliko chini. Ubao ulio wazi juu ya ukuta wawafaa sana.

Je, maficho hayatamzidishia woga? Wengi hudhani hivyo, lakini sivyo. Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, walitoa habari za paka waliofika karibuni katika nyumba ya kuwatunzia wanyama walioachwa. Wengine walipewa sanduku la kujifichia, wengine hawakupewa. Waliopewa ndio waliotulia upesi zaidi katika siku za mwanzo. Mwenye mahali pa kukimbilia hana haja ya kukimbia siku zote.

Tatu, mpeni bakuli la maji, na chakula mbali kidogo na maji hayo. Katika pembe nyingine wekeni karai au beseni pana lenye mchanga mkavu, maana paka hufukia uchafu wake, wala hapendi kula karibu na choo. Mchanga huo usafishwe kila siku. Mama mwenye mimba asifanye kazi hiyo, bali mtu mwingine, kwa sababu katika mavi ya paka huweza kuwamo vijidudu vinavyomdhuru mtoto tumboni. Na afanyaye kazi hiyo anawe mikono kwa sabuni.

Kisha mwacheni. Msimwite, msimmulike kwa taa, msimvute. Akikaa mafichoni mchana kutwa na kutoka usiku tu, si kitu. Asubuhi mkiona chakula kimepungua na mchanga umechimbwa, jueni kwamba kazi inaendelea vema.

CHAKULA NA SAA ZAKE

Mtu mmoja wa nyumbani achaguliwe kuwa mlishaji wake kwa siku za kwanza, naye awe mpole wa sauti. Chakula kiletwe saa zile zile kila siku, asubuhi na jioni. Mlishaji akiweke chini, akae kimya hatua chache kando, ageuze uso wake upande, pengine asome kitabu chake cha shule kwa sauti ndogo. Siku ya kwanza paka hatatoka. Siku ya nne au ya tano huenda akatoka, akala haraka, akarudi. Ndipo bakuli lisogezwe kidogo karibu na mlishaji, kama shibiri moja kila siku. Paka akikataa kuja, maana yake mmekwenda mbio. Lirudisheni lilipokuwa jana.

Tena awe na chakula kimfaacho. Kuna watu wampao paka bukari tupu na kumwambia, "Nyama ukamtafute panya." Bukari hujaza tumbo, lakini mwili wa paka hauwezi kukaa bila nyama au samaki, akizikosa siku nyingi, macho na moyo wake huharibika. Vichwa na mabaki ya samaki aliyepikwa bila chumvi wala pilipili vyafaa, bali miiba mikubwa iondolewe. Samaki wa chumvi asipewe. Vitunguu ni sumu kwake. Na msidhani kwamba paka mwenye njaa ndiye mwindaji mwema: paka huwinda hata akiwa ameshiba, na aliyeshiba hana sababu ya kuhama.

MACHO NA MIKONO

Kwa watu kumtazama mtu usoni huweza kuwa dalili ya urafiki. Kwa paka, kukaziwa macho ni tishio. Msimtazame sana. Mkikutana macho, yafumbeni nusu polepole, kisha yafumbueni polepole. Hili si la mzaha. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walilijaribu, wakatoa habari zake mwaka 2020: paka waliofumbiwa macho polepole nao walifumba yao, na walikuwa tayari zaidi kuusogelea mkono wa mtu wasiyemjua.

Akianza kuja karibu, nyosheni kidole kimoja chini, kwa kimo cha pua yake, mngojee. Yeye ndiye anuse kwanza. Akisugua shavu lake, mwaweza kumkuna shavuni na kidevuni kwa muda mfupi, kisha acheni, muone kama ataomba zaidi. Tumbo na mkia msiguse. Wala msimbebe mpaka amezoea kabisa.

Yapasa kuzijua dalili za hofu. Masikio yakilala nyuma, mkia ukipigapiga huku na huku, mboni za macho zikipanuka hata kuwa nyeusi tupu, mwili ukijikunja chini: hapo mkono urudi. Paka akikoroma taratibu kifuani, mara nyingi ni raha, lakini si mara zote. Paka mgonjwa au mwenye maumivu naye huweza kukoroma vivyo hivyo. Tazameni mwili wote, msisikilize kifua tu.

NANYI WATOTO

Watoto wa shule, neno hili ni lenu, maana mara nyingi ninyi ndio mliomleta. Kumwokota mnyama mferejini ni jambo jema, lakini jambo jema hilo halijaisha mpaka amepata amani. Wekeni sheria tatu nyumbani. Ya kwanza: paka aliye mafichoni asiguswe na mtu yeyote. Ya pili: hakuna kumfukuza mbio, hata kwa mchezo. Ya tatu: wadogo zenu wasikae naye peke yao. Kama mwataka kucheza naye, fungeni unyoya au kipande cha nguo kwenye uzi mrefu, mkiburute polepole mbele yake. Ataona ni panya, na mikono yenu itakuwa mbali na makucha. Mchezo huo humtoa woga upesi kuliko kubembelezwa.

Tena asipigwe kamwe. Akikojoa juu ya mkeka, msimsugulie pua humo kama wafanyavyo wengine. Paka haunganishi kipigo cha sasa na kosa la jana. Huunganisha kipigo na mkono wako. Sugueni mkeka kwa sabuni na maji mengi hata harufu iishe, kisha mwangalie kama karai la mchanga ni chafu, au limewekwa mahali pa kelele.

JE, NI PAKA WA WACHAWI?

Hapa hatuna budi kusema wazi, maana paka wengi wameuawa kwa neno hili. Macho ya paka hung'aa gizani kwa sababu nyuma ya jicho lake mna utando unaorudisha mwanga kama kioo, nao humsaidia kuona penye mwanga mdogo. Mzimie taa kabisa, hutaona kitu kinachong'aa. Ng'ombe na mbuzi wana utando kama huo, na macho yao humeta mbele ya taa ya lori usiku, wala hakuna awaitaye wachawi. Kutembea usiku ni kwa sababu panya nao hutembea usiku. Kunyamaza na kunyata ni uwindaji. Na kujificha ni hofu tu. Anayempiga mawe paka kwa sababu hiyo amempa sababu mpya ya kujificha, kisha amhukumu kwa kujificha kwake.

HOFU ILIYO UGONJWA, NA MENGINE YA HATARI

Paka aliyekwisha zoea, kisha akaanza ghafula kujificha na kukataa chakula, huenda ni mgonjwa. Paka asiyekula kabisa siku mbili tatu yumo hatarini, maana ini lake huharibika. Penye mganga wa mifugo, apelekwe. Lakini msimpe dawa za watu. Kidonge kimoja cha parasetamoli, ambacho kwetu hutuliza kichwa, chaweza kumwua paka. Vivyo hivyo dawa za kuua viroboto zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, zenye permetrini, ni sumu kali kwake. Na nyumba yenye paka isiwekwe sumu ya panya, kwa sababu paka akila panya aliyekula sumu huweza kufa naye.

Zaidi ya yote, kumbukeni kichaa cha mbwa. Jina lisiwadanganye: paka naye huweza kuupata ugonjwa huo na kuupitisha kwa mtu. Mtu akiumwa na paka, au akikwaruzwa hata kutoka damu, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi muda wa dakika 15, kisha aende zahanati siku ile ile aeleze yaliyotokea. Asingoje kuona kama ataugua. Dalili zikisha anza, karibu hakuna anayepona. Lakini chanjo ikitolewa mapema humwokoa mtu. Paka naye achanjwe, mahali chanjo ipatikanapo. Hii ni sababu nyingine ya kumtuliza paka kwa upole: paka asiyeogopa haumi ovyo.

MUDA GANI?

Huenda mama mmoja wa Kasenga atasema, "Mimi nina watoto na shamba na samaki wa kukausha, nitamngoja paka mpaka lini?" Jibu ni kwamba kazi hii haihitaji muda mwingi wa siku, yahitaji siku nyingi. Dakika chache asubuhi na chache jioni zatosha. Paka mwingine hutulia kwa juma moja, mwingine kwa miezi. Ataendelea vizuri, kisha siku ya ngoma au ya radi atarudi mafichoni kana kwamba hajui mtu. Msikate tamaa, anzeni tena mahali pale, na mara ya pili njia huwa fupi zaidi. Mlango wa chumba ufunguliwe wakati nyumba imetulia, mpate kumwona akitoka hatua kwa hatua, akinusa kila kitu. Mbwa wa nyumba afungwe kwanza. Wanusiane kwa kitambaa kabla ya kuonana.

Ni lazima kujua pia umri alioanza kuzoea watu. Mtoto wa paka hujifunza kuwaamini watu hasa kati ya juma la pili na la saba la maisha yake. Aliyepitisha majuma hayo porini au bandarini bila mkono wa mtu, pengine hatalala mapajani mwenu hata siku moja. Atakula mlipomwekea, atalala juu ya magunia, ataondoka mkikaribia sana. Mwacheni awe hivyo. Huyo naye ni paka wa nyumba, maana amechagua kukaa, na panya hawaulizi kama amewahi kubembelezwa.

Siku moja, mkiwa mmeketi jioni na bukari mezani, mtamwona ametoka mwenyewe, ameketi katikati ya chumba, akijiramba mguu na kuwapa mgongo. Msiinuke, msishangilie. Mnyama mwoga hampi mgongo mtu asiyemwamini. Endeleeni kula.